Siku Moja Lisbon Nikiifuata Dhahabu ya Kilwa

Nilipopata nafasi ya kushinda Lisbon kutwa nzima kati ya ndege mbili, niliamua mapema kwamba sitajaribu kuuona mji wote. Lisbon umejengwa juu ya vilima, njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vinavyoteleza, na foleni za watalii huanza asubuhi. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, mkabala na magofu ya Kilwa Kisiwani, na kulikuwa na kitu kimoja nilichotamani kukiona tangu nikiwa shuleni: dhahabu ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa kama kodi mwaka 1502, na ambayo hadi leo ipo Lisbon. Ratiba yangu yote niliipanga kukizunguka kitu hicho.

Nilipokata tiketi ya ndege nilihakikisha kwamba siku hiyo haiangukii Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu makumbusho mengi ya mji huo hufungwa, na monasteri ya Jerónimos vilevile. Mizigo niliiacha hotelini, nikanunua tiketi ya usafiri ya saa 24 inayotumika katika tramu, mabasi na metro, kisha nikapanda tramu namba 15 hadi Belém na kufika kabla milango haijafunguliwa.

Belém, kando ya mto Tagus, ndiko zilikotoka merikebu za Vasco da Gama mwezi Julai 1497. Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno, aliyemtuma, ndiye aliyeamuru monasteri ya Jerónimos ijengwe, na sehemu ya gharama yake ilitokana na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa katika biashara ya Afrika na Asia. Ndani ya kanisa, kaburi la Vasco da Gama lipo karibu na mlango, na hapo ndipo watu walipojazana wakipiga picha. Mimi nilikaa zaidi mbele, upande wa altare, alikozikwa Manuel, ambaye jeneza lake limebebwa na tembo wa marumaru ingawa mwenyewe hakuwahi kukanyaga pwani yetu wala India. Nguzo ni nyembamba na ndefu kuliko nilivyotarajia, na mawe yamechongwa kamba za meli kwa ustadi wa ajabu. Ni jengo zuri sana, na kujua limelipiwa kwa mali ya nani hakukunifanya niukane uzuri wake. Ua wa ndani wenye matao, ambao una tiketi yake, niliuacha ili niokoe muda.

Kutoka hapo nilirudi upande wa mjini hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, ambayo wageni wengi huijia kwa sababu ya mchoro wa Hieronymus Bosch. Nilichokifuata mimi ni monstransi ya Belém, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi. Kina urefu wa sentimita 73 hivi, ni cha dhahabu iliyotiwa rangi za enameli, na katikati yake Mitume Kumi na Wawili wamepiga magoti, kila mmoja na sura yake. Kazi hiyo hunasibishwa na sonara Gil Vicente. Kwenye kitako kuna maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Baadaye mfalme alikiacha kwa wasia kwa monasteri ya Jerónimos, na ndiyo maana nilitaka kuanzia huko.

Nilisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, ikapitia Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, na biashara ya Sofala ndiyo iliyoijengea Kilwa misikiti na majumba ya mawe ambayo msafiri Ibn Battuta aliyakuta alipofika mwaka 1331. Kodi ilitolewa ili mji usishambuliwe. Hata hivyo, mwaka 1505, kabla sonara hajamaliza kazi yake, msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida ulifika Kilwa na kuuteka na kuupora mji uleule. Kwa maoni yangu, maelezo ya makumbusho yangepaswa kulisema hilo waziwazi, kwa sababu bila hilo mtazamaji anaona zawadi mahali palipokuwa na nguvu.

Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alikuja kuniuliza kwa upole kama mimi ni Mkatoliki. Nilimjibu kwamba mimi ni Mwislamu na kwamba ninatoka Quiloa, kama Wareno wanavyoliandika jina la mji wetu. Aliinama pamoja nami, akanionyesha kwa kidole mahali jina hilo lilipochongwa, akanisubiri nipige picha bila mwanga wa kamera. Picha hizo nilimtumia mjomba wangu, anayetembeza wageni Kisiwani, na sasa huwaonyesha wanapokuwa mbele ya magofu ya kasri la Husuni Kubwa.

Alasiri niliipitisha haraka zaidi. Katika uwanja wa Terreiro do Paço, kando ya mto, palikuwa na kasri la Manuel na ofisi ya Casa da Índia iliyosimamia biashara ya viungo, na vyote viliangamia tarehe 1 Novemba 1755 kwa tetemeko, mawimbi na moto. Jinsi tetemeko lilivyokuwa kali huonekana zaidi kwenye kanisa la Carmo, ambalo matao yake yamebaki wazi bila paa.

Chakula nilikila Mouraria, mtaa ambao Waislamu waliruhusiwa kuishi baada ya Wakristo kuuteka mji mwaka 1147, hadi Manuel huyuhuyu alipotoa amri ya kuwafukuza mwaka 1496. Leo mtaa huo una maduka ya nyama halali na migahawa ya Wabangladeshi, nami nilipata biriani na mahali pa kuswali. Kisha nilipanda metro katika kituo cha Martim Moniz, nikabadili mstari Alameda na kufika uwanja wa ndege bila haraka. Ngome ya São Jorge na tramu namba 28 sikuvigusa, na nikijaliwa kurudi nitaanzia huko.