Kovu la Ndui Lilinifundisha Kuzungumza na Wazee

Nilikuwa na bango, picha za ini lililoharibika na hotuba ya dakika 40. Mkutano wangu wa kwanza wa kuhamasisha watu wazima wachanjwe pepopunda na homa ya ini ulinipatia watu wawili wa kuchanja, mmoja wao msaidizi wangu.

Nilianguka kwenye maneno. Nikisema "chanjo", wao wanasikia kliniki ya watoto. Nikisema "pepopunda", ndiyo balaa zaidi. Mzee mmoja aliuliza, "Mwanangu, pepo naye anadungwa sindano?" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini swali lilikuwa la haki: ugonjwa wenyewe umebeba pepo kwenye jina, kwa nini mtu afikirie vijidudu?

Mara ya pili bango nililiacha. Nikaketi nao, nikauliza ni nani aliwahi kumwona mtu amekakamaa taya baada ya kuchomwa na msumari. Walikuwepo, na walisimulia wenyewe. Mimi nilijazia tu: vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, hupenya kwenye jeraha, na kutu inasingiziwa bure. Tena aliyeugua akapona hapati kinga; naye achanjwe.

Mzee wa pepo akakunja mkono wa shati. "Mimi nilishachanjwa zamani." Kovu la duara, limezama kidogo, chini ya bega. La ndui. Nikamwomba awaeleze vijana ndui ilikuwaje, na hapo nikaona watu wanasikiliza kweli. Alipomaliza niliongeza kwamba mwaka 1980 ilitangazwa kutokomezwa duniani kote, na iliyoimaliza ni chanjo kama hiyo yake. Ila kovu lile ni la ndui peke yake. Pepopunda na homa ya ini kila moja ina kinga yake.

Tangu siku hiyo mazungumzo alifungua yeye.

Homa ya ini aina B hupita kwenye damu na kwenye kujamiiana, kwa hiyo tulitenganisha wanawake na wanaume. Nani atauliza mambo hayo mbele ya mkwewe? Dozi zake ni tatu: ya leo, ya baada ya mwezi, na ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Ya tatu ndiyo watu hupotea, basi kila mmoja akachagua mwenzake wa kumkumbusha. Simu zangu walishazoea kutozipokea.

Kosa lingine nililijutia. Mwanzoni nilificha kwamba mkono huuma na homa ndogo huweza kuja siku moja au mbili, nikihofia watakimbia. Mmoja akapata homa, akazunguka akisema ametiliwa sumu. Sasa hilo ndilo nasema la kwanza.

Mzee mwenyewe alichanjwa wa mwisho kabisa. Alitoa mkono ule ule, akamwambia muuguzi adunge pembeni, kovu asiliguse.