Ngozi Inayopauka Wakati wa Baridi: Jipake Ungali na Unyevu

Ngozi ikianza kupauka, wengi hukimbilia kuongeza mafuta. Mafuta yana kazi yake, tena kubwa, ila kinachopungua hasa ni maji. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake; kazi yake ni kufunika yaliyopo yasitoroke. Ukiyapaka asubuhi juu ya ngozi iliyokauka tangu usiku utang'aa, lakini umefunika ukavu.

Maji hayo yanakwenda wapi? Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo. Ikiingia ndani na kupashwa na hita inapata joto bila kuongezewa maji, kwa hiyo inakuwa na kiu. Unyevu wa chumba unaweza kushuka chini ya asilimia 30, na hewa ya namna hiyo hufyonza maji popote inapoyapata, mwilini mwako ikiwemo. Kinachoizuia ni tabaka la juu kabisa la ngozi, lililojengwa kama ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na kati yake kuna mafuta ya asili (seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta) yanayoziba kama saruji. Saruji hiyo ikitolewa, ukuta unavuja.

Na mahali inapotolewa zaidi ni bafuni. Kukiwa na baridi, kukaa chini ya maji ya moto ni raha isiyo na mfano, na ndiyo inayoharibu. Tumia maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10, basi. Ukitoka unawashwa mapaja na miguu, maji yalikuwa ya moto mno. Sabuni ya kawaida ya kipande mara nyingi ina pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenyewe iko karibu na 5, kwa hiyo iweke kwenye kwapa, kinena na nyayo. Mikono na miguu ambayo haikuchafuka inatosheka na maji. Dodoki nalo lipumzishwe. Vile vigamba vyeupe kwenye miguu si uchafu wa kusuguliwa. Ukivisugua vitatoka leo, na kesho vitarudi vingi kuliko jana.

Ukishaoga, jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue, na uache mwili na unyevu kidogo. Kisha jipake ndani ya dakika 3, humohumo bafuni mvuke ungalipo. Ukienda kwanza kuvaa au kupokea simu, yale maji uliyoyapata yameshapotea.

Sasa upake nini? Losheni ina maji mengi, inasambaa upesi na kuisha upesi. Inafaa hali ya hewa yenye unyevu. Majira ya baridi yanataka krimu nzito, ile isiyomwagika ukipindua kopo. Soma orodha ya viungo utafute glisirini au urea, ambavyo huvuta maji, pamoja na seramidi, siagi ya shea au mafuta ya mgando. Vivutaji maji peke yake kwenye hewa kavu havitoshi, lazima vifunikwe. Kwa hiyo tanguliza krimu, kisha weka tabaka jembamba la mafuta ya mgando kwenye viwiko, magoti, vifundo vya vidole na hasa mbele ya miguu chini ya goti, ambako tezi za mafuta ni chache. Achana na vyenye manukato makali. Ngozi iliyopasuka huvikataa. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote jikoni, yana asidi ya oleiki kwa wingi, nayo hulegeza ile saruji tuliyoitaja. Yaache jikoni.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Mtu mzima akijipaka mwili mzima sawasawa anatumia gramu 20 hadi 30. Kopo la gramu 400 basi linaisha ndani ya wiki mbili au tatu kwa anayejipaka mara moja kwa siku. Likikaa miezi mitatu, usiilaumu krimu. Ni afadhali krimu ya bei nafuu unayoichota kwa wingi kuliko ya ghali unayoionea huruma.

Mikono hunawa mara nyingi, kwa hiyo nayo ipakwe kila ikinawa. Weka tyubu ndogo karibu na bomba. Vidole vikipasuka, paka mafuta ya mgando mengi usiku na uvae glavu za pamba mpaka asubuhi. Midomo usiilambe. Mate hukauka haraka na yana vimeng'enya vinavyochoma ngozi laini, ndipo unapata ile duara nyeusi au nyekundu kuzunguka mdomo. Dawa ya midomo yenye mentholi au kafuri inaburudisha kisha inakausha. Mafuta ya mgando matupu ni bora.

Magaga yana utaratibu wake. Loweka miguu dakika 10, sugua polepole kwa jiwe la miguu, kausha, paka krimu yenye urea asilimia 20 au zaidi, kisha vaa soksi. Mpasuko uliofika kwenye nyama usiwekewe urea, itachoma. Anza na mafuta ya mgando mpaka ufunge. Wembe usiuguse. Mwenye kisukari asijisugue mwenyewe hata kidogo, miguu yake aipeleke kwa mtaalamu.

Jua la baridi huwadanganya watu. Miale ya jua iitwayo UVA hupenya mawingu na vioo, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale. Krimu ya kinga ya jua yenye SPF 30 iendelee usoni. Ila dawa za uso zenye retinoidi (viambato vya jamii ya vitamini A) au asidi zipunguze, labda usiku mmoja kwa kila mitatu, uso ukianza kuchonyota.

Kifaa cha kuongeza unyevu chumbani kinasaidia kikilenga asilimia 40 hadi 50. Ukizidisha, kuta zitaota ukungu. Usipobadilisha maji kila siku, kitapulizia vijidudu. Na usikae umeegemea hita kila jioni: joto la mara kwa mara huacha michoro ya kahawia kama wavu, na huchukua miezi kufutika. Sufu ivaliwe juu ya pamba, isiguse ngozi.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Ukurutu hutokea kama zambarau au kijivu, na ukijikuna huacha madoa meusi. Ukijipaka hivi kwa wiki mbili na bado unawashwa usiku, au mipasuko ikitoa usaha, au kukitokea miviringo yenye ukingo ulioinuka, nenda kwa daktari. Huenda ni fangasi au ukurutu, na krimu haitatosha.

Jambo la mwisho ni la usalama. Nguo na mashuka yaliyolowa krimu na mafuta kwa muda mrefu hushika moto haraka, hata yakifuliwa hayatakati kabisa. Usivute sigara wala kusogelea jiko au mshumaa ukiwa umeyavaa.