Kituo cha mwandishi, meli ya kambale

Juzi nilikuwa kwenye meli ya MV Clarias naenda Nansio, kule Ukerewe, na ile safari ukishamaliza karanga zako hamna kingine zaidi ya simu, basi nikawa naperuzi vituo vya treni vya India (ndio ugonjwa wangu huo, nimekulia jirani na reli, mnivumilie tu) nikakutana na kimoja kinaitwa Bibhuti Bhushan Halt. Kiko reli ya Sealdah kwenda Bangaon, huko West Bengal, kadogo tu, treni inasimama wanashuka wa kushuka inasepa.

Jina ni la Bibhutibhushan Bandyopadhyay, mwalimu wa shule aliyeandika Pather Panchali, kitabu kilitoka 1929. Mle ndani kuna binti anaitwa Durga anatamani sana kuiona treni, anaumwa, anamwambia mdogo wake nikipona utanipeleka, na hakupona. Hapo niliweka simu chini kidogo.

Halafu kumbe huyu mzee alishatuandika na sisi! 1937 akatoa Chander Pahar, kijana wa Kibengali anakuja kufanya kazi reli ya Uganda, anapewa kistesheni cha porini peke yake, usiku simba wako nje. Na mwandishi mwenyewe Afrika hajawahi kukanyaga.

Sasa nikaanza kuhesabu vya kwetu. Stesheni ya SGR Dar ni Magufuli, Dodoma ni Samia, sawa, sina ugomvi. Ila mwandishi je? Na hapo naenda Ukerewe, kwa Aniceti Kitereza kabisa, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikaja kuchapwa 1980, mzee akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia. Reli kisiwani hamna najua, lakini si gati lipo?

Pembeni yangu kakaa mama na boksi la vifaranga, kidole kimoja kakichomeka kwenye tundu anawachezea. Nikamuuliza, mama, Kitereza unamjua?

"Diwani wa wapi huyo mwanangu?"

Nikamuuliza na Clarias je, maana limeandikwa kubwa hapo. Akasema, si ndiye mzungu aliyeitengeneza hii meli?

Nikamwambia hapana mama, ni kambale, ndo jina lake la kitaalamu.

Akanitazama. "Kambale huyu huyu?"

Huyu huyu mama.