Pumu ikinyamaza, ukuta wa mrija bado unanenepa

Pampu ya bluu ndiyo inayojulikana zaidi: kifua kikibana, unavuta, pumzi inarudi. Salbutamol iliyomo hulegeza misuli iliyouzunguka mrija wa hewa, basi. Haitibu uvimbe wa ndani, na uvimbe huo ndio unaougeuza ukuta wa mrija taratibu, hata siku ambazo hukohoi.

Utando wa juu hubanduka. Chini yake kuna tabaka jembamba sana, mikromita 5 hivi kwa asiye na pumu. Hili hujaa nyuzi za kolajeni mfano wa kovu na huweza kuzidi maradufu. Seli za ute huongezeka, balghamu ikawa nzito, yenye kunata. Zito kuliko yote ni misuli: hunenepa na seli zake kuzidi, ndipo moshi kidogo tu ukatosha kuibana. Na tundu la mrija likipungua nusu ya upana wake, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka kama mara 16.

Mabadiliko haya hayangoji uzee. Yamekutwa kwa watoto wasiotimiza miaka 5. Tena utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kule kubanwa kwenyewe, kukirudiwa ndani ya siku chache, hunenepesha tabaka lile la kolajeni. Kwa hiyo kuvumilia kifua kinachobana, ati kitapoa, ni kuuumiza mrija.

Dawa ya uvimbe ni ya kuvuta kila siku, mfano beklometasoni, ambayo pampu yake mara nyingi ni ya kahawia. Wengi huiacha wakipata nafuu, na hapo ndipo wanapokosea. Kovu lililokomaa halifutiki lote. Kuwahi ndiyo nafuu.

Tikisa pampu, toa pumzi, bonyeza mara 1, vuta polepole, zuia pumzi hadi sekunde 10. Ngoja nusu dakika kabla ya kurudia. Mtoto mpe kupitia chupa ya plastiki ya mililita 500: toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu kikiki, kisha avute mara 5 au 6 kwa kila mbonyezo. Tundu likilegea, dawa inapotea. Baada ya ile ya kahawia sukutua na uteme, la sivyo mdomo hufanya utando mweupe.

Udi na ubani hatuachi Mombasa, lakini chetezo kisiwe chumba alalacho mwenye pumu, wala jiko la makaa. Mvua za mwaka zikianza, kagua ukungu nyuma ya kabati, hasa nyumba za Mji wa Kale.

Mtu mzima aombe kipimo cha kupuliza: anapuliza, anavuta salbutamol mara 4, anangoja dakika 15, anapuliza tena. Pumzi ya sekunde ya kwanza ikizidi kwa asilimia 12 na mililita 200, mirija bado inafunguka vyema. Ikiongezeka kidogo tu, ilhali dawa ya kila siku ametumia sawasawa kwa miezi, huenda ukuta umeshabadilika, na kuongeza ya bluu hakutamfaa. Amwone daktari wa mapafu.