Springi ya Babu

Juzi binti yangu kaja kashika kopo langu la vitu vidogo vidogo, anatikisa. "Mama, ile springi mbovu ya babu iko wapi humu? Nataka kuiona." Nikamwambia angoje, nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Tangu hapo swali lake limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo naandika, pengine nikifika chini nitajua nimjibu nini.

Baiskeli ni ile ile ya Baba, Raleigh ya kijani, mnaijua. Tulipokuwa wadogo tulimsikia kabla hatujamwona. Habu yake ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu chenye gia ndani, ya Sturmey-Archer, inalia tik-tik-tik hata mtu anapokanyaga pedali, si kama baiskeli nyingine zinazolia ukiacha tu kukanyaga. Ukisikia tik za haraka, Baba yuko kwenye tambarare. Zikipungua kasi zikawa za kuhesabika, ujue keshashuka, anaisukuma. Alishuka kila mwinuko, hata ule mdogo ambao sisi watoto tuliupanda kwa mbio. Nilikua nikiamini ni namna ya kuiheshimu baiskeli, kama mtu anavyoshuka kwenye punda aliyechoka.

Upande wa kulia wa usukani kuna liva ya kubadilishia gia. Kwenye baiskeli ya Baba liva hiyo ilizongwa mpira mweusi wa tyubu, mzongo juu ya mzongo, mpaka ikafanana na kidole kilichofungwa bendeji. Ilikuwa haiguswi. "Gia zimekufa," alisema kila tulipouliza. "Springi ya ndani imekatika, na vipuri vyake vya Uingereza."

Habari yenyewe ilitokea kabla sijazaliwa. Alikuwa anapanda mlima, kasimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, kumbe gia ikaachia. Pedali zikazunguka bure, mdomo wake ukakutana na usukani, na jino moja la mbele likabaki barabarani. Fundi mmoja akaitazama baiskeli kwa nje, akatamka neno springi, na siku hiyo hiyo mpira ukafungwa.

Magoti yalipoanza kumgomea alinikabidhi. "Itengeneze, mama, lakini usiipake rangi." Rangi sikuigusa.

Mengine yote niliyagusa, na nusu yake niliyaharibu. Pini za kota zinazoshika krenki, ile mikono ya pedali, ziligoma wiki mbili. Nilizinywesha mafuta ya kulainisha kutu, nikaegemeza krenki juu ya kipande cha bomba, maana ukipiga nyundo hewani kipigo kinapokewa na gololi za ndani, na pini ya kwanza bado ikapinda kama msumari. Ya pili ilibidi niitoboe kwa drili. Mpya zilizokuja zilikuwa za milimita 9, na Raleigh hii inataka 9.5, kwa hiyo krenki ikawa inacheza, kila mzunguko kodo, kodo. Halafu vile vikombe vya gololi za krenki: nilikuwa na kimoja kizuri, kinang'aa, nikakilazimisha kwa spana mpaka jasho likanitoka. Ashukuriwe Mungu nilichoka mapema. Watengenezaji wengi wa Uingereza walikata nyuzi za skrubu 24 kwa inchi. Raleigh walijikatia 26, kikombe cha mwingine hakiingii, na ukikilazimisha umeiua fremu.

Tuje kwenye habu, maana ndiyo iliyonipeleka kwenye uongo.

Mgongoni imepigwa chapa AW, jina la aina yake, na chini yake 61 na 5, yaani Mei 1961. AW ilianza kuuzwa mwaka 1936 na ndani yake haijabadilika sana. Katikati kuna gia moja iliyokaa palepale kwenye ekseli, meno 20. Pembeni yake gia ndogo nne zinaizunguka. Na nje kabisa duara kubwa lenye meno 60 kwa ndani. Kwa kila mzunguko wa gia ya mnyororo ya nyuma, gia ya kwanza inalipa gurudumu robo tatu ya mzunguko, ya pili mzunguko mmoja kamili, ya tatu mzunguko na theluthi. Kazi ya kushika na kuachia inafanywa na vikucha vinne vya chuma, na kila kikucha kina springi yake, uzi wa chuma uliokunjwa, mwembamba kama unywele wa farasi. Nilipoifungua nilijua hasa ninachokitafuta: kati ya springi nne, moja imekatika.

Nilizihesabu. Nne. Nikazisafisha, nikazipanga juu ya kitambaa cheupe, nikazihesabu tena kwa kuzigusa moja moja na ncha ya bisibisi. Nne, nzima. Meno ya gia mazima. Vikucha vina makali yake. Mafuta meusi, mazito kama lami, basi. Nilifikiri labda mimi ndiye sioni.

Wakati wa kurudisha, springi moja ilinitoka kwenye kucha, ikalia kidogo mahali fulani ukutani, na huo ndio ukawa mwisho wake. Nilitambaa sakafuni na tochi na sumaku mpaka usiku. Nilipata misumari na kipini cha nywele.

Kutafuta springi isiyofika uzito wa punje ya mchele kulinichukua miezi mitatu. Watu waliniambia niache, kampuni yenyewe ya Sturmey-Archer ilianguka mwaka 2000, SunRace ya Taiwan ikaichukua, nani ana springi ya mwaka 1961? Lakini ndiyo faida ya kitu kisichobadilishwa-badilishwa: habu ya mwaka mwingine kabisa inaweza kukupa utumbo wake. Muuzaji mmoja aliniapia anayo, akaniletea springi nene ambayo nadhani ilitoka kwenye kufuli. Mwishowe nikapata habu iliyopasuka ukingo, yenye chapa ya 74, nikainunua nzima kwa ajili ya uzi mmoja wa chuma. Nikaunga, nikatia mafuta kupitia kile kitundu chenye kifuniko, nikakata mpira wa Baba kwa wembe, nikaenda kujaribu.

Gia ya tatu, safi. Nikavuta liva kwenda ya pili, nikasimama juu ya pedali.

Ikaachia.

Sikupoteza jino. Nilipoteza ngozi ya goti na heshima kidogo mbele ya vijana waliokuwa wamekaa hapo. Niliisukuma kurudi nyumbani na njia nzima ikanilia tik, tik, tik, kwa mwendo ule ule wa Baba.

Jioni ile nilikaa sakafuni nyuma ya gurudumu, sina hamu ya kufungua tena. Nilikuwa naitazama tu. Upande wa kulia ekseli inaishia kwenye nati ndefu, na ubavuni mwa nati hiyo kuna kitundu. Nilikuwa nimekiona mara mia nikidhani ni cha kutilia mafuta. Ndani ya nati kinapita kimnyororo chembamba, mwenzake waya wa gia, kinachovuta kijiti kilichomo ndani ya ekseli. Nikawasha tochi, nikaweka jicho. Ni kidirisha. Wale watu wa Nottingham, Uingereza, walioitengeneza habu, waliweka dirisha ili mtu achungulie.

Kanuni yake ni nyepesi kiasi cha kutia aibu. Weka liva gia ya pili, chungulia: mwisho wa kijiti, pale kimnyororo kinapoanzia, uwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Nikaweka ya pili, nikachungulia. Mwisho wa kijiti sikuuona. Ulikuwa umejificha ndani ya ekseli, si sana, kama unene wa ukucha. Waya ulikuwa umelegea. Na habu hii, kati ya gia ya pili na ya tatu, ina mahali ambapo haishiki chochote, pedali zinazunguka kama za baiskeli isiyo na mnyororo. Waya ukilegea kidogo, unadhani uko ya pili, kumbe umesimama mlangoni mwa mahali hapo, na uzito wako ukikolea unaingia.

Pale waya unapoungana na kimnyororo kuna kijitubu chenye nyuzi na kinati cha kukizuia. Nikakilegeza kinati kwa vidole. Nikazungusha kijitubu mara moja. Kwenye kidirisha chuma kikasogea. Mara mbili. Nikafuta jicho kwa sababu mkono wangu wa mafuta ulikuwa umeligusa. Nusu mzunguko tena, na ncha ya kijiti ikaja ikasimama usawa wa ekseli, ikang'aa kwenye tochi kama jino. Nikafunga kinati. Bila spana, bila nyundo, bila kipuri chochote kutoka Uingereza. Mizunguko miwili na nusu.

Nilikaa pale mpaka tochi ikaanza kufifia. Nilikuwa nafikiri juu ya ule mpira. Liva aliifunga pale waya unapokuwa umelegea kabisa, na waya ukilegea kabisa habu inakaa gia ya tatu. Ile nzito. Kumbe miaka yote hiyo Baba alikuwa akiendesha gia ya mteremko, tambarare na mlimani, na ndiyo maana akashuka kila mwinuko. Heshima kwa baiskeli haikuwamo kabisa.

Alipokuja kuichukua aliizunguka mara mbili, akapapasa liva pale mpira ulipokuwa. Akauliza, "Ilikuwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, hata tochi nilikuwa nayo mfukoni ili achungulie mwenyewe. Nikaona anavyonitazama, ulimi umeingia kwenye lile pengo kama anavyofanya akingoja jibu.

"Springi, Baba. Nimeibadilisha."

"Nilijua," akasema, na mabega yake yakashuka.

Msinihukumu haraka. Springi nilibadilisha kweli. Ila ni ile niliyoipoteza mimi, na ilikuwa nzima.

Nikamwekea gia ya kwanza, akapanda mwinuko amekaa kwenye tandiko, hakushuka. Nilibaki chini nikisikiliza, nikapigwa na bumbuwazi kidogo: kimya. Gia ya kwanza haina tik. Mtu huyo miaka yote nilimjua kwa sauti, sasa anaondoka na wala haisikiki. Alipogeuka na kurudi uso ulikuwa umekunjamana. "Umeifanya bubu," akasema. "Kitu kinagoma humo ndani." Nikamrudishia ya tatu, ikalia, akaridhika.

Na mpaka leo huendesha ya tatu. Mwinuko ukifika anashuka, anasukuma. Nilimwuliza safari moja, akasema kashazoea, na tena mlimani ndipo anapopata nafasi ya kusalimiana na watu. Mpira hajaurudisha, lakini liva sijawahi kumwona akiigusa.

Sasa huyu mtoto na kopo. Yeye alikuwepo siku ile, alikuwa mgongoni mwangu bado mdogo, hadithi ameisikia kwa babu yake: springi iliyokatika, jino, Uingereza, na mama yake aliyeshinda. Anaipenda sana. Springi mbovu haimo kwenye kopo kwa sababu haikuwahi kuwapo duniani. Humo mna tatu zilizosalia kutoka ile habu ya 74, zote nzima.

Nimeandika mpaka hapa akaingia tena, hakuningoja. Kamwaga kopo lote juu ya meza, karibu na mkono wangu, akachokoa kwa kidole, akainua moja kwenye mwanga. Zilitengenezwa hivyo, zimekunjwa katikati.

"Ndiyo hii," akasema. "Ona ilivyopinda."

Kaitia kwenye kiberiti kitupu. Jumamosi anampelekea babu yake.