Watu wa Tekoa na daftari langu la mahudhurio

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko Nehemia 3, ile sura ya ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu ambayo wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu, fulani akajenga hapa na baada yake fulani akajenga pale. Hata mi nimeiruka miaka, ila Jmosi iliyopita imenirudisha.

Mnajua Jmosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, basi chuoni kwetu wanafunzi na wafanyakazi tulikubaliana kwenda kuzibua ule mtaro wa nyuma ya soko, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka zahanati. Watu wakaja na machepe, sululu, reki, toroli mbili, wengine gambuti wengine ndala tu. Mi nikaja na raba nyeupe. Nikasimama pembeni na daftari la mahudhurio, napiga na picha za kurusha kwenye grupu, najiambia na huu ni mchango jamani, si lazima mtu aandike?

Saa nne hivi binti mmoja wa mwaka wa kwanza akapanda kutoka mtaroni, tope mpaka magotini, akanambia shikamoo baba, naomba nipokee ndoo. Basi, hakusema kingine. Lakini aibu niliyoisikia! Maana mkuu wetu wa idara, mama anayekaribia kustaafu, alikuwa humohumo chini anatoa mapampasi na chupa kwa mikono.

Jioni ndo nikafungua Nehemia. Nikakuta lango la jaa, yaani la kutolea takataka, aliyelijenga ni Malkiya, mtawala wa Beth-hakeremu, kwetu ungesema DC kabisa. Nikakuta mtengeneza manukato kabeba mawe, na Shalumu yuko kazini na binti zake. Halafu mstari wa 5, watu wa Tekoa wamejenga ila wakuu wao wamekataa kutia shingo kazini. Hapo nikajiona mimi na daftari langu.

Sasa shuka mstari wa 27 mwone, hao hao watu wa Tekoa wamejenga kipande kingine! Wakubwa wamegoma, wao hata hawakupoteza muda kulalamika, wakaongeza cha pili. Na Tekoa si Yerusalemu, ni kijiji huko kusini ya Bethlehemu, ule ukuta haukuwa wa kulinda nyumba zao. Kama hawa madogo, kuna waliotoka Kigoma, Mtwara, wakimaliza chuo wanaondoka, mtaro tunabaki nao sisi wenye nyumba hapa. Na ndo wao waliomaliza kipande chao saa tano wakaja kutumalizia na cha kwetu.

Zile picha sijazirusha. Jmosi hii tunarudi kumwaga zege la mifuniko, saa moja asubuhi tuwe pale, daftari atashika mwingine, mi gambuti nimeshanunua.