Lita 860 za maji ya chumvi: nilivyopanga nani akae na nani

Yale majedwali ya kuonyesha samaki gani anaweza kuishi na nani, yenye visanduku vya kijani, njano na nyekundu, nimeshayaweka kando. Ukitafuta kangaja (samaki mwenye kisu pembeni mwa mkia) na kangaja mwenzake unakuta kisanduku cha njano, "kwa tahadhari", basi. Tahadhari ipi? Tangi langu lina urefu wa sentimita 240, upana 60 na kimo 60, na humo wanaishi kangaja wa aina tatu, kamba, konokono na matumbawe. Kabla ya kununua mnyama yeyote nauliza mambo matatu: mdomo wake unameza nini, umbo lake linafanana na la nani aliyemo, na usiku analala wapi.

La mdomo ndilo rahisi, na ndilo watu hulidharau. Chewa, mkunga na samaki-simba (Pterois) watameza chochote kinachoingia kinywani, hata kama wameishi nacho kwa amani miezi kadhaa. Hawajabadilika tabia, wamekua tu. Vikande wengi huvunja kombe za konokono na kaa. Aliye mpole kidogo ni Xanthichthys auromarginatus, kwa sababu chakula chake kikuu ni vijidudu vinavyoelea, na hata kwake natanguliza kamba kwanza ili awakute wenyeji. Samaki Oxycirrhites typus ana mdomo mwembamba unaodanganya, maana kamba wadogo huwanyofoa kipande kwa kipande. Samaki Pomacanthus imperator huuzwa akiwa mdogo kama kidole. Akifikisha sentimita 40 atakuwa ameshayaonja matumbawe yako yote.

Umbo lina uzito kuliko jina. Samaki humchukia anayefanana naye kwa umbo, rangi na chakula. Ndiyo maana nilichukua kangaja wa maumbo tofauti: Zebrasoma flavescens mwenye mwili mpana anayenyofoa mwani, Ctenochaetus mwenye meno laini kama brashi anayekwangua utando juu ya mawe, na mwisho kabisa Acanthurus leucosternon, mkorofi kuliko wote. Mkorofi akitangulia, tangi zima linakuwa lake na kila mgeni ni mwizi. Tafi wa aina ya Siganus vulpinus hula mwani kama wao, lakini miiba yake ina sumu na mara nyingi kangaja humwacha. Wewe pia usimshike kwa mkono.

Sasa, kumwingiza Acanthurus penye Zebrasoma aliyekwisha zoea. Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuzima taa na kumwachia usiku. Hiyo inasaidia mpaka asubuhi. Mwenyeji akiamka anamkuta mgeni, anageuza mkia wenye kile kisu cha pembeni, na mgeni anaishia amebanwa kwenye kona ya juu karibu na bomba, mapezi yamechanika. Ushauri wa pili ni kupangua mawe ili kila mmoja apoteze himaya yake. Ni mzuri, ila kwa mwenye matumbawe yaliyogundishwa hautekelezeki.

Kilichofanya kazi ni kisanduku na kioo cha kujitazamia. Kisanduku ni cha akriliki inayopitisha mwanga, sentimita 40 kwa 20 kwa 20, kimetobolewa matundu ya milimita 5 kila upande na kinaning'inia ndani ya tangi kwenye ncha moja. Mgeni anakaa humo na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha, analishwa humo humo, na mwenyeji anamwona lakini hamfikii. Kwenye ncha ya pili ya tangi, kwa nje, nikabandika kioo cha sentimita 30 kwa 30 kwa gundi ya karatasi. Zebrasoma akakutana na Zebrasoma mwenzake asiyekubali kushindwa! Hasira zote zikahamia huko, na yule wa kisandukuni akaonekana si tishio tena. Kioo kisikae siku nzima, maana mwenyeji huacha kula. Saa mbili au tatu zinatosha, na kianze kuwekwa kabla mgeni hajaachiwa. Mgeni hutoka kisandukuni pale mwenyeji anapopita mbele yake bila kupiga mkia, si kwa kuhesabu siku, ingawa kwa kawaida huchukua kati ya siku tatu na saba. Siku ya kumwachia, mwani mkavu ubanwe sehemu mbili, kila ncha ya tangi na wake, na kioo kirudishwe. Michubuko midogo isikutishe. Asiyekula ndiye wa kurudishwa kisandukuni.

Pa kulala: samaki aina ya Halichoeres hujifukia mchangani, hivyo anahitaji mchanga laini wa sentimita 5 au zaidi. Samaki aina ya Cirrhilabrus huruka nje ya maji, na tangi lisilo na wavu juu litampoteza. Matundu ya wavu yawe milimita 6. Samaki Pseudocheilinus hexataenia ni mdogo na mzuri, na huwatesa wageni wadogo mpaka wanaacha kula. Kwangu haingii.

Kwa wasio na uti wa mgongo, adui wa kwanza ni tofauti ya chumvi. Wauzaji wengi huweka samaki kwenye maji yenye uzito wa 1.019 hivi ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, na mimi natunza 1.025. Pima maji ya mfuko aliokuja nao mnyama kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, kila mara. Kamba na konokono huingizwa kwa kudondoshewa maji ya tangi matone kwa matone, kwa muda wa saa mbili au zaidi tofauti ikiwa kubwa. Adui wa pili ni shaba. Dawa ya shaba ya ukoko mweupe, ugonjwa wa samaki unaoletwa na kimelea Cryptocaryon, hutolewa kwenye tangi la pembeni tu, kwa sababu shaba huua kamba na konokono, na mawe huinyonya kisha kuirudisha majini. Samaki wakishatolewa, tangi kuu libaki bila samaki kwa siku 76 ndipo warudi. Kamba na matumbawe wanaweza kubaki humo.

Kamba Lysmata amboinensis wawili au watatu wanakaa vizuri pamoja. Kamba Stenopus hispidus awe mmoja, au jozi iliyokwisha kubaliana, la sivyo wanauana. Ukinunua Lysmata wurdemanni wa kula anemoni waharibifu wa Aiptasia, mwangalie vizuri. Mwenye mistari myeupe juu ya nyekundu, kibyongo na macho makubwa ni Rhynchocinetes, na huyo hula matumbawe laini. Kiti cha pweza wa buluu, Linckia, nimemkataa. Wengi wao hufa njaa polepole, mikono ikianza kuoza kwenye ncha. Kiti cha pweza mwingine, Protoreaster nodosus, ndiyo kabisa, hula matumbawe.

Kanuni ya konokono mmoja kwa kila lita nne inawanufaisha wauzaji tu. Humu ingekuwa konokono zaidi ya 200 wanaogombea mwani usiokuwepo. Nilianza na Trochus 20, ambao wakipinduka hujigeuza wenyewe, na Nassarius 15 wa mchangani. Niliongeza pale tu mwani ulipowashinda. Kaa wanaoishi kwenye kombe tupu wapewe kombe za ziada za saizi mbili tatu, la sivyo watawaua konokono wachukue zao.

Samaki Synchiropus splendidus niliyemtamani tangu mwanzo aliingia wa mwisho kabisa, tangi likiwa limepita mwaka. Anakula vijidudu vya kwenye mawe mchana kutwa, na kabla ya hapo hawatoshi. Kabla ya kumlipia, mwombe muuzaji amlishe mbele yako, kisha tazama tumbo lake. Likiwa limebonyea, mwache.